Kuchora tatuu juu ya kovu la titi: naomba mwenye ujuzi anielekeze

FundiChikongola
Salaam wana jamvi. Nina miaka 47, ni fundi cherehani, nipo Chikongola hapa Mtwara mjini. Machi mwaka jana nilitolewa titi la kushoto kwa ajili ya saratani, pamoja na mitoki ya kwapani. Nikapigwa dripu za kemo, kisha nikaenda Dar, Ocean Road, kwa mionzi. Nilimaliza Novemba. Sasa namshukuru Mungu, nipo kwenye vidonge vya kila siku na cherehani nakalia kama zamani, ingawa mkono huu nikivuta kitambaa kizito unakaza.

Kovu nimelipima kwa futi yangu ya kushonea. Lina inchi nane na robo, kuanzia katikati ya kifua hadi kwapani. Upande wa kwapani ngozi imekuwa nyeusi na ngumu kama ganda la korosho. Kwenye sidiria naweka kifuko nilichokishona mwenyewe kwa kanga, nimekijaza mtama, hakuna anayejua. Shida ni ninapooga.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa Newala, mwenye ndonya mdomoni na chale usoni na kifuani. Nilipokuwa mdogo nikimpaka mafuta nilikuwa napitisha kidole juu ya zile chale, safu tatu za pembepembe kama meno ya msumeno. Alisema alichanjwa angali kigoli, wakamsugulia masizi ya mbarika. Nataka safu zile zipite juu ya kovu langu. Kisu cha daktari kimeniokoa na sina kinyongo nacho, ila na mimi nataka niwe na neno juu ya kifua changu.

Kuna kijana jirani anachorea vijana wa bodaboda. Nimemuuliza, kanijibu, "Mama, hata leo njoo." Hilo "hata leo" ndilo lililonitia hofu. Je, nisubiri muda gani? Na mkono wangu?

UmmuSwalha_Mikindani
Pole sana dada yangu, Allah akukamilishie afya. Kwetu Waislamu mchoro wa kudumu haufai, hilo utalipima na imani yako mwenyewe. Mie napamba maharusi kwa hina, na wapo waliopitia ulipopitia wewe wakaja niwapambe kifua. Ikifika wiki mbili au tatu imefifia, na haikuchomi sindano.

BintiRuangwa
Hina sawa, lakini NAOMBA usikubali piko! Mie nipo Lindi. Nilipakwa piko mkononi siku ya harusi ya mdogo wangu, siku ya tatu likatoka lengelenge refu kufuata ua lote, petali kwa petali. Daktari wa ngozi akaniambia ni kemikali ya PPD, ileile ya rangi za nywele, na kwamba ngozi ikishaikataa inaikataa maisha. Hadi leo siwezi kupaka rangi nywele. Fikiria lengelenge lile juu ya ngozi iliyopigwa mionzi. Hina ya kweli huacha wekundu wa kahawia. Ukiona inatoka nyeusi tii kwa saa moja, nawa uondoke.

NesiMstaafu_Masasi
Mwanangu, nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi. Umefanya vema kuuliza kwanza.

Muda: tangu upasuaji usipungue mwaka mmoja, na penye mionzi ngoja zaidi, kwa sababu ngozi ile imekuwa nyembamba, damu inapita kwa shida, na kidonda chake huchelewa kufunga. Kovu liwe limelainika, limelala, haliwashi. Kipande hicho ulichokiita ganda la korosho kiache kabisa. Atakayesema wakati umefika ni daktari wako wa kliniki, mpelekee hata mchoro wenyewe.

Mkono: mitoki ndiyo inayopitisha maji ya mwili na kupigana na vijidudu. Yako imetolewa, kwa hiyo uambukizo mdogo tu upande ule unaweza kuuvimbisha mkono, na uvimbe huo ukianza huwa haupoi kirahisi. Mkono wa kushoto na kwapa visiguswe na sindano ya mchoraji. Ukiona wekundu, joto au homa baada ya kuchorwa, usingoje kesho.

Halafu jambo ambalo wengi hawalifikirii. Saratani ikirudi, mara nyingine hujionyesha kwenye kovu lenyewe, kama kijipunje au rangi kubadilika. Mchoro uliojazwa wino mweusi wote utakificha kijipunje hicho. Mistari ya bibi yako ni bora kuliko ua lililojazwa, maana ngozi inaonekana katikati.

Sisi weusi kifua chetu kina tabia ya kuotesha makovu yanayotuna. Uchorwe nukta moja kwanza, ukae miezi mitatu uitazame. Kuhusu kijana wako: sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yako, wino umiminwe kwenye kikombe chako peke yako na usizimuliwe kwa maji ya bomba. Ukimwi na homa ya ini havina habari kwamba wewe umeshaugua vya kutosha. Chanjo ya homa ya ini aina B ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Anza nayo sasa wakati unasubiri.

Mwera_wa_Dar
Mie nilichorwa miaka miwili baada ya upasuaji, huku Dar. Nyongeza mbili. Pale pamekufa ganzi, huwezi kuhisi akizamisha sindano kupita kiasi, kwa hiyo tafuta aliyewahi kuchora juu ya kovu na umwombe picha za kazi yake iliyokwisha kupona. La pili, wino husafiri hadi kwenye mitoki na unaweza kuonekana kwenye picha za vipimo. Kila nikienda kupimwa titi la pili nasema kabla hawajaanza.

FundiChikongola
Asanteni, nimewasoma nikiwa nimekaa chini. Jana nilimpitia yule kijana nikamwomba anionyeshe sindano. Akaitoa kwenye kikopo cha spiriti, akasema ameitumia asubuhi tu. Nimemuaga kwa heshima, ni mtoto wa jirani.

Usiku nikafunga mlango, binti yangu akanishikia kioo, nikachukua chaki ya kukatia vitambaa nikachora safu za bibi mwenyewe. Ya tatu ilikuwa inaangukia palepale pagumu. Nikafuta, nikazisogeza zote vidole viwili kuelekea katikati, zikakaa. Binti kapiga picha, mie nimezinakili kwenye karatasi ya mkatio.

Nesi, kliniki yangu ni mwezi ujao, karatasi naenda nayo, na chanjo naianza wiki hii. Mwera wa Dar, huyo aliyekuchora anapokea mchoro wa mtu, au anachora vya kwake tu?