Naomba ushauri: namba za wateja nilizokusanya wakati wa korona

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mtengeneza tovuti, niko Kirumba hapa Mwanza. Shule zilipofungwa Machi 2020 na watu wakaanza kuogopa msongamano, mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni aliniomba nimsaidie wateja waagize bila kufika sokoni. Daftari lake la oda lilikuwa limelowa, wino umetambaa, namba nyingine anazisoma kwa kubahatisha. Nikamtengenezea ukurasa mdogo: jina, simu, mtaa, kilo ngapi. Wenzake nao wakaja. Kwa kweli kazi ile niliipenda kuliko zote nilizowahi kulipwa.

Shida ni hii: majina na namba zile bado zipo kwenye seva yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa, na anayekusanya ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sasa wiki iliyopita jamaa mmoja wa mikopo ya simu kanifuata, anataka kuzinunua. Nimemkatalia, maana watu wale waliniamini wakiwa na hofu.

Ila yule mama bado anauza kupitia ukurasa uleule. Nifute zote tuanze upya, au niwatumie wateja ujumbe niwaombe ridhaa kwanza? Na usajili wa Tume unanihusu mimi, au mama mwenye biashara? Aliyepitia hili anisaidie tafadhali.