Mafundi wa Dar, nani aliwaambia gari la Dar halihitaji themostati? Sailensi imenila 370,000

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Miezi mitatu nimezungushwa na gereji tatu kwa tatizo ambalo mzee mmoja wa mtaani kwetu Segerea amelimaliza asubuhi moja, chini ya mwembe, kwa spea mbili ambazo jumla yake haikufika elfu hamsini. Kabla ya kufika kwake nilishatoa 370,000.

Gari ni Toyota Carina Ti, injini 5A-FE, otomatiki. Aliniachia marehemu baba. Wenye gari hizi mnajua, injini ikishapata moto sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inatulia kwenye 700 au 800 kwa dakika. La kwangu lilianza kukaa 1,200. Unatoa mguu kwenye mafuta, injini inaendelea kunguruma. Ukiweka D linajisukuma lenyewe, na kwenye foleni ya Buguruni unakandamiza breki mpaka mguu unakufa ganzi. Siku moja Tabata mguu uliteleza kidogo tu, nikamgusa bodaboda kwa nyuma. Alikuwa amempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini nilitetemeka, ikabidi nipaki pembeni. Kwa hiyo asije mtu hapa akasema sailensi ni jambo dogo.

Gereji ya kwanza, fundi alifungua boneti, akasikiliza kama sekunde tano, akatamka: throto chafu, yaani ule mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga mafuta. Akaishusha, akaisafisha, akabadilisha na plagi zote nne ambazo sikumwomba. Throto ikichafuka mara nyingi sailensi hushuka au huyumba, kwa sababu hewa inabanwa. Ili ipande lazima uchafu uwe umekwamisha kipepeo (kibati kinachofunga throto) kisirudi, au vali ya hewa ya sailensi imeganda ikiwa wazi. Hakuangalia hata kimoja. Na gari lilipotoka pale likawa baya zaidi: mshale wa RPM (mzunguko wa injini) unapanda 1,700, unashuka, unapanda tena, kama kuna mtu anachezea pedali. Nikamrudishia. Akasema, "Tembea nalo siku tatu bosi, litazoea." Nilitembea nalo wiki mbili.

Gereji ya pili wakasema sensa ya throto imekufa. Nikaenda Gerezani, nikanunua ya mtumba 90,000. Hakuna kilichobadilika. Basi itakuwa vali ya sailensi, wakasema. Nyingine ya mtumba, 120,000. Hakuna kilichobadilika. Gereji ya tatu hawakufungua hata boneti vizuri, wakaniambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeungua, nilete 280,000. Mmoja akaongeza kwamba niliuze hilo gari la zamani ninunue Toyota IST. Hapo ndipo nilipoondoka, maana ningekaa dakika moja zaidi tungeshikana.

Kitu kinachoniuma ni kwamba katika gereji zote tatu hakuna aliyepima chochote. Wanakisia, wewe unanunua, wakikosea wanakisia tena, na bei ya kukisia unalipa wewe. Spea yako ya zamani huioni tena. Na wakati huo huo gari linakunywa. Zamani petroli ya 30,000 ilinitosha siku tatu Segerea hadi Posta na kurudi. Ikafika mahali haimalizi siku mbili. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, watangaze bei kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani, halafu mtu anakuachia gari linalochoma mafuta bure kwenye foleni.

Mzee ninayemsema ni fundi mstaafu. Nilimpa shikamoo, nikaanza kumsimulia habari za sensa na kontroli boksi, akanikatiza.

"Mwanangu, mshale wa joto huwa unafika wapi?"

Nikanyamaza. Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia ukweli: kwenye foleni ndefu unapanda kidogo, lakini Jumapili nikienda Kibaha barabara ikiwa wazi, unashuka karibu na C, ya baridi. Na nikisimama baada ya mwendo mrefu ndipo sailensi inakuwa juu zaidi, nikikaa foleni inapungua. Akatikisa kichwa. "Hiyo tutairudia."

Akachukua kipande cha waya, akafungua kile kiboksi cheusi kwenye injini, akaunganisha tundu la TE1 na E1, akaniambia niweke swichi bila kuwasha. Taa ya injini kwenye dashibodi ikawa inapepesa haraka, sawasawa, bila kusimama. Maana yake kompyuta haina kosa lolote ililoandika. Sensa ya throto ingekuwa imekufa, taa ingehesabu 41. Ya joto la maji ingehesabu 22. Waya wa urefu wa kidole! Kama wale wa gereji ya pili wangefanya hivyo, 90,000 yangu ingekuwa mfukoni.

Kisha akavua mpira wa hewa, akawasha injini, akaziba kwa kidole kile kitundu kilichomo ndani ya koo la throto, ambacho hewa ya sailensi hupitia. Kama tatizo lingekuwa vali, mzunguko ungeporomoka. Haukuporomoka. Akasema kuna hewa inaingia kwa mlango mwingine. Akachukua chupa ya kupulizia yenye maji matupu (wapo wanaopuliza petroli hapo, Mungu awasaidie, injini ya moto ile), akawa anapuliza kwenye maungio moja moja. Alipofika throto inapokutana na manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), injini ikashuka ghafla, halafu ikapanda tena. Kufungua, gasketi imechanika vipande viwili na imepakwa silikoni juu. Aliyeichana ni yule wa gereji ya kwanza alipokuwa "anasafisha". Aliona, akaficha, akanipokea pesa, akaniambia gari litazoea.

Mzee akanieleza kwa nini sailensi inapanda na kushuka. Injini hii haipimi hewa inayoingia. Inapima mgandamizo ndani ya manifodi, basi. Hewa ya wizi ikiingia, mgandamizo unapanda, kompyuta inadhani hiyo ni hewa halali na kuongeza petroli ya kulingana nayo. Mzunguko ukizidi ilhali mguu hauko kwenye mafuta, inakata petroli, ukishuka inarudisha. Ndiyo ile vuum, vuum niliyotembea nayo wiki mbili.

Gasketi mpya ikamaliza kupanda na kushuka. Mshale ukatulia, lakini kwenye 1,150. Hapo akarudi kwenye swali lake la kwanza. Akasubiri injini ipoe, akamwaga maji, akafungua kifuniko cha themostati.

Ndani hamna kitu. Pako wazi. Mtu aliing'oa akafunga.

Nikakumbuka. Mwaka jana gari lilichemsha, nikalipeleka kwa fundi, likarudi "limepona". Kumbe kupona kwenyewe ni kung'oa. Sasa nisikilizeni ninyi mnaosema Dar ni joto, themostati ni ya Ulaya. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Ya kwangu mpya imegongwa 82 kwenye bati. Joto la Dar ni 30, 33. Injini haijui Dar wala Ulaya, inataka hiyo 82. Ukiing'oa, mwendo wa barabara kubwa unaipoza muda wote, sensa inaripoti kwa ukweli kabisa kwamba injini ni ya baridi, na kompyuta inafanya inachofanya kila alfajiri: inaongeza hewa na petroli. Sailensi juu, mafuta yanaisha, oili inaharibika mapema. Halafu themostati hii ina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato injini ikipata moto. Kisipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Yaani siku ya foleni na mzigo, ile dawa ya kuchemsha inaweza kukuchemshia.

Na kwa nini ile ya kwanza iliganda mpaka gari likachemsha? Kwa sababu tunajaziwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti, ile dawa maalumu ya kupoza injini. Mzee alinionyesha kutu ndani ya ule mdomo, unaikwangua kwa ukucha.

Themostati mpya hakuifunga hivi hivi. Aliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni kwa mkewe, tukaitazama ikifunguka kabla maji hayajachemka, na ikijifunga yalipopoa. Dakika kumi. Ndipo akaifunga, akajaza kulanti, akatoa hewa. Mshale wa joto ukapanda hadi karibu na katikati ukakaa. Mshale wa RPM ukateremka wenyewe, 1,100, 900, 750. Sikugusa kitu. Nilikaa kwenye kiti cha baba nikiutazama, machozi yakanilenga.

Mzee aliniomba 20,000 ya ufundi. Nilimwongezea, akakataa.

Jumamosi narudi gereji ya kwanza na ile gasketi iliyochanika nimeifunga kwenye mfuko. Nataka wanirudishie pesa ya usafi na ya plagi, na ya pili wanirudishie sensa yangu ya zamani ambayo haikuwa na kosa. Kama kuna mdau aliyewahi kumdai fundi akalipwa, iwe kupitia serikali ya mtaa au mahakama ya mwanzo, aniambie alianzia wapi na alibeba vielelezo gani. Risiti ninayo moja tu, ile ya vali.