Ulinganisho: PBKDF2, scrypt au Argon2id kwa kaulisiri ya diski?

kufuli_la_mbao
Wakuu, nataka kusimba (kufunga data kwa ufunguo wa siri) diski ya nje ya TB 1 kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, pamoja na hifadhi ya nywila ya KeePassXC itakayofunguliwa kwenye laptop na simu. Nimebaki na machaguo matatu ya kaulisiri (nywila ndefu), kila moja na njia yake ya kuigeuza kuwa ufunguo wa kusimba:

1. Nywila ya herufi 10 mchanganyiko, na Argon2id
2. Maneno 6 ya Kiingereza yaliyopatikana kwa dadu, na PBKDF2
3. Methali ya Kiswahili iliyobadilishwa kidogo, na scrypt

Lipi lina nguvu zaidi, na niweke vigezo gani?

dadu_tano
Anza na namna kaulisiri ilivyopatikana, maana hapo ndipo penye uzito. Orodha ya Diceware, aliyoianzisha Arnold Reinhold mwaka 1995, ina maneno 7,776, yaani 6⁵. Unarusha dadu tano, na tarakimu tano unazopata zinakuelekeza kwenye neno moja. Kila neno lina biti 12.9 (kila biti moja huzidisha majaribio ya mdukuzi mara mbili): manne biti 51.7, matano 64.6, sita 77.5. Likitokea neno usilolipenda, libaki vilevile. Ukirusha tena mpaka upate sentensi tamu, hesabu hii imeshaharibika.

Herufi 10 kutoka alama 94 za kibodi zina biti 65.5, ila ni pale tu mashine inapozichagua kwa nasibu. Ukichagua mwenyewe, ukaanza na herufi kubwa na kumalizia na mwaka na alama ya mshangao, hakuna awezaye kukuhesabia biti, na programu za kuvunja nywila zina kanuni za mtindo huohuo.

Methali iondoe kabisa. "Haraka haraka haina baraka" ni ndefu machoni, lakini kwa mdukuzi ni mstari mmoja kwenye faili lake, na kugeuza a kuwa @ kunamwongezea majaribio machache tu.

Tuchukulie anajaribu kaulisiri milioni moja kwa sekunde. Maneno manne yatamchukua wastani wa miaka 58. Akiwa na mashine elfu moja za aina hiyo, ni wiki tatu. Maneno sita kwa mashine hizohizo elfu: miaka milioni 3.5.

chumvi16
Upande wa kuzalisha ufunguo kutoka kwenye kaulisiri, mkuu, tofauti kubwa ni kumbukumbu (RAM).

PBKDF2 (kiwango cha mwaka 2000) inarudia heshi tu, yaani hesabu ya kuchakata data isiyorudishika nyuma. Haihitaji RAM ya maana, kwa hiyo kadi moja ya michoro inaendesha majaribio maelfu kwa wakati mmoja. Pendekezo la OWASP, shirika la usalama wa programu, kwa heshi ya HMAC-SHA256 ni mizunguko 600,000. Itumie pale unapolazimika, kwa mfano mfumo unapotakiwa kufuata viwango vya FIPS vya serikali ya Marekani.

scrypt, ya Colin Percival (2009), inakula RAM ya 128 × N × r. Ukiweka N = 2¹⁷ na r = 8 unapata MiB 128. Wanaotumia hashlib.scrypt ya Python wajue kwamba kikomo cha kawaida ni MiB 32, hivyo vigezo hivyo vitagoma kwa kosa la kumbukumbu. Ongeza maxmem=256*1024*1024. Usipunguze N ili kosa liondoke!

Argon2id inatoka kwenye familia iliyoshinda shindano la Password Hashing Competition mwaka 2015, na RFC 9106 ya 2021, hati yake ya kiwango, inatoa seti mbili za vigezo: GiB 2 kwa mzunguko 1, au MiB 64 kwa mizunguko 3, zote kwa nyuzi 4. Chumvi (data ya nasibu inayochanganywa na kaulisiri) iwe baiti 16, mpya kwa kila hifadhi. Chumvi si siri, inakaa wazi kando ya data. Ufunguo wa kutoka uwe baiti 32.

MlinziWaBandari
Vipi bcrypt? Naona bado inasifiwa.

chumvi16
Ni ya kuhifadhi nywila kwenye seva. Matoleo mengi yanakata kila kinachozidi baiti 72, na haikuundwa kutoa ufunguo wa urefu unaoutaka. Iache huko.

dadu_tano
Naongeza jambo ambalo watu huliruka. Kuzidisha gharama ya kuzalisha ufunguo mara mbili kunaongeza biti moja. Neno moja la dadu linaongeza karibu 13. Ili Argon2id ifikie kazi ya neno hilo moja, sekunde moja ya kusubiri ingebidi iwe zaidi ya saa mbili. Ndiyo maana chaguo la 2, hata na PBKDF2, ni salama kuliko la 1 ikiwa herufi 10 umezitunga mwenyewe. Bora zaidi ni maneno sita pamoja na Argon2id.

BintiPwani
Maneno ya Kiswahili yanafaa kabisa, mradi orodha iandaliwe vizuri. Kwa dadu nne unahitaji maneno 1,296 tu, biti 10.3 kila moja. Chukua maneno nane, upate biti 82.7.

Wakati wa kuandaa orodha, ondoa mojawapo kwenye jozi kama mtoto/watoto, kwa sababu kumbukumbu itazichanganya. Daima acha nafasi kati ya maneno: ukiyaunganisha, "mwana" na "nchi" yanakuwa sawa na "mwananchi", na mchanganyiko mmoja umepotea.

La hatari zaidi ni ng'. Kwenye kompyuta, alama ya ' ni baiti moja. Kibodi za simu zinaweza kuigeuza kuwa ’ iliyopinda, yenye baiti tatu kwenye UTF-8. Kwa macho "ng'ombe" ni yuleyule, lakini ufunguo unaotoka ni mwingine kabisa na hifadhi haifunguki. Futa maneno yote ya ng' kwenye orodha, na uandike herufi ndogo tupu.

kufuli_la_mbao
Shukrani sana. Basi nachukua maneno nane ya Kiswahili na Argon2id. Amri za LUKS?

chumvi16
`cryptsetup luksFormat --type luks2 --pbkdf argon2id --pbkdf-memory 262144 /dev/sdb1`

Hakiki jina la diski kwa lsblk kwanza, amri hiyo inafuta kilichomo. Namba 262144 ni KiB, yaani MiB 256. Usipoiweka, cryptsetup inapima mashine unayotumia na inaweza kufika GiB 1. Ukija kufungua kwenye kompyuta ndogo ya RAM GB 1, itashindwa. Kwenye KeePassXC weka MiB 64, la sivyo ujazaji wa nywila kwenye simu unaweza kukwama.

MlinziWaBandari
Kwa wanaosimba diski ya mfumo mzima hadi /boot: matoleo mengi ya GRUB, programu inayowasha Linux, hayafungui Argon2id, kwa hiyo /boot (folda ya faili za kuwashia) ibaki nje au nafasi ya ufunguo inayofunguliwa na GRUB itumie PBKDF2.

Pia hifadhi nakala ya heda, sehemu ya mwanzo wa diski inayobeba ufunguo mkuu uliosimbwa: `cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdb1 --header-backup-file heda.img`. Ila kumbuka, ukibadilisha kaulisiri baadaye, ufunguo mkuu wa diski haubadiliki. Mwenye nakala ya heda ya zamani na kaulisiri ya zamani bado anaifungua. Kama kaulisiri ya kwanza imevuja, endesha `cryptsetup reencrypt /dev/sdb1`, kisha uharibu nakala zote za heda ya zamani na kutengeneza mpya.

BintiPwani
Na kabla hujahamisha faili hata moja, ifunge, uichomoe, uifungue kwenye mashine nyingine kwa kuandika kaulisiri kwa mkono. Hifadhi ya KeePassXC nayo ifungue kwenye simu siku hiyohiyo.