Kipepsi (kiwiko), ngumi au kiganja: ukibanwa kichochoroni kipi kinakutoa? Wadau wa Mwanza karibuni

Fundi_Makoroboi
Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza mjini, kazi yangu inanifanya nifunge usiku halafu nipandishe Mabatini kwa miguu, zile ngazi za kwenye mawe mnazijua, mkikutana wawili lazima mmoja ajibanze ukutani ndo mwenzie apite. Vibaka siku hizi hawakusubiri barabarani, wanakusubiri humo humo kwenye kona. Nataka nianze mazoezi, sio ya kupanda ulingoni, ya kujinusuru tu nifike home na simu yangu.

Nimezunguka nimebaki na machaguo matatu. Ngumi ni jirani na bei ni ya kawaida ila kiwiko hawagusi kabisa. Karate wanacho ila nilivyochungulia wanapiga hewa tu. Halafu kuna jamaa anafundisha Muay Thai, ule mchezo wa mapigano wa Thailand, kule Nyegezi, huyo anagongesha viwiko kwenye padi mpaka unasikia nje, shida mbali na bei imechangamka. Sasa kwa kichochoro kama kile kipepsi kina faida kweli kuzidi ngumi au ni mbwembwe za kwenye muvi?

Kushoto_Igogo
Nenda ngumi mkuu acha kuzunguka. Mimi nimecheza za ridhaa mda mrefu, faida ya ngumi sio ngumi yenyewe, ni kuzoea kupigwa. Mtu ambaye hajawahi kula konde la pua akilipata la kwanza anafumba macho anageuza uso pembeni, hapo hata ujue viwiko vya aina zote umeisha. Kwenye ngumi unaspari (mnapigana kwa mazoezi) toka mapema, miguu inakuwa myepesi, unajifunza kukaa mbali na mtu. Kiwiko ni faulo kwetu sawa, ila urefu wa mkono ndo bima yako, kwa nini uukate nusu?

Mtu_wa_Nyegezi
@Kushoto_Igogo kwenye kuzoea kupigwa sina ubishi, ila umeruka alichosema, ngazi za Mabatini. Kule umbali wa kukaa hamna. Ngumi inataka nafasi mkono unyooke, mtu akishakukwida shati mko kifua kwa kifua konde zako zinakuwa za kumpapasa tu. Hapo ndo nyumbani kwa kiwiko. Muay Thai wanaiita sanaa ya viungo nane, ngumi mbili viwiko viwili magoti mawili na miguu miwili, na kila kiungo kina umbali wake, kiwiko na goti ni vya mkishashikana. (Waburma kwenye Lethwei, mchezo wao wa ngumi, wanaongeza na ndosi (kupiga kwa kichwa) kabisa, wale ni watu wengine.)

Na kama ataamua kujifunza basi ajifunze vizuri maana mtaani naona watu wanarusha kiwiko kwa bega, wanabaki na maumivu ya bega tu. Kiwiko cha mlalo kinaanzia chini, unazungusha kisigino nje, kiuno kinafuata, bega, ndo kiwiko kinakuja mwisho kabisa. Vidole legeza, kiganja kiangalie kifua chako, ukikaza ngumi mkono wote unakakamaa spidi inapotea. Mkono wa pili usitoke shavuni hata sekunde kwa sababu umbali unaompatia yeye ndo huo huo anaokupatia wewe. Cha kupandisha unapiga kama unachana nywele, kinapenya katikati ya mikono yake kinakuta kidevu. Gonga na mfupa ulio chini kidogo ya ncha, ukigongea upande wa ndani kuna mshipa wa fahamu pale, mkono unakufa ganzi mpaka kidole cha mwisho na bado jamaa yupo mbele yako.

Kitambi_Pasiansi
Chaguo la nne hamjalitaja, mbio. Ila kupandisha Mabatini mbio na hili tumbo langu bora nipigwe

Nesi_wa_Zamu
Mimi nipo upande wa kuwashona jamani. Kiwiko kwenye nyusi ni balaa, ngozi ya pale nyembamba na chini yake ni mfupa, kiwiko nacho mfupa, ngozi inabanwa katikati inafunguka, damu inashuka jichoni mtu haoni tena. Kwa hiyo kinafanya kazi, hilo halina mjadala.

Ila upande wa ngumi wagonjwa wangu wengi ni wapigaji sio wapigwaji. Unakuta mfupa wa kiganja unaoenda kidole kidogo umevunjika, kampiga mtu fuvu na mkono mtupu hana glavu wala bandeji. Wabaya zaidi ni waliogonga meno, kidonda kidogo tu kwenye kifundo cha kidole anakidharau, baadae anakuja mkono umevimba na usaha umeingia kwenye jointi. Ukikatwa na jino la mtu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuvimba. Ndo maana nikiulizwa mimi nasema kiganja, kile kitako chake, kwenye kidevu au pua. Urefu ni karibu sawa na ngumi na hujakunja vidole vya kuvunjika. Sijui kwa nini watu wanakiona cha kike kike.

Kushoto_Igogo
Nesi hapo kwenye kiganja nakuunga mkono, hata sisi mabondia tukivua glavu tunakuwa watu wa kawaida tu.

Obi_Nyeusi_Kirumba
"Wanapiga hewa tu" imeniuma ila ngoja. Kwenye mashindano ya WKF (shirikisho la karate la dunia) kiwiko hakiruhusiwi ndo maana dojo (kumbi za mazoezi) nyingi hazikipi mda, lakini kwenye karate kipo toka enzi na enzi, tunaita empi, kipo cha mbele, cha pembeni, cha nyuma na cha kushuka. Kwenye kata (mazoezi ya mpangilio) za Heian Yondan na Tekki Shodan unakigongesha kwenye kiganja chako mwenyewe. Muulize sensei (mwalimu) kama wana makiwara (ubao wa kupiga) au begi na kama kuna siku mnashikana kweli. Akisema hamna, siwezi kumtetea, hamia kwingine.

Bukoba_Stesheni
Cha kushuka ndo kilimponza Jon Jones, mpiganaji wa MMA (mapigano mchanganyiko), 2009, anamtwanga Matt Hamill vizuri kabisa pambano lake, akashusha viwiko wima toka juu kwenda chini akatolewa kwa kuvunja sheria, na ndo kipigo pekee kwenye rekodi yake. Sheria yenyewe MMA wameifuta Novemba 2024. Mzee baba lazima aliumia roho.

Kushoto_Igogo
Mambo ya ulingoni hayo, mtaani cha kushuka utampiga nani, mpaka ainame kukufunga kamba za viatu?

Fundi_Makoroboi
Nashukuruni wakuu nafatilia yote. Ila kibaka wa kwetu hakuji mbele, anakupiga roba (kabali ya shingo) kwa nyuma mwenzie anapekua mifuko. Kiwiko cha nyuma kinasaidia?

Mtu_wa_Nyegezi
Kinasaidia ila sio cha kwanza, na hapa video za mtandaoni zinadanganya watu. Mtu kakukaba roba wewe unahangaika kumpiga viwiko vya mbavu, kavaa jaketi, kakubana, havina nguvu yoyote na hewa inakuishia huku unajiona unapigana. Cha kwanza bana kidevu chako kifuani na mikono yote miwili ivute mkono wake ushuke, pumzi kwanza. Halafu geuza shingo kuelekea kilipo kiwiko chake, pale ndo kuna upenyo wa koo. Sogeza makalio pembeni uachane na mstari wake, hapo ndo unapata nafasi ya kumrudishia kiwiko, na hata hapo ni ili alegeze utoke, sio ubaki kumaliza hasira. Yule wa mifukoni unamsahau, achukue simu.

Mama_Dagaa
Wanangu mnaongea vizuri. Mimi naamkia Mwaloni giza bado halijatoka na hela ya mzigo nimeifunga tumboni, siwezi kupigana na kijana. Kilichowahi kunitoa ni kumkanyaga mtu mguu kwa kisigino, kumpa kiwiko huku napiga yowe. Kiwiko sijui hata kilimpata wapi. Yowe ndo lilimtoa.

Fundi_Makoroboi
Shikamoo mama. Yowe nimelichukua.

Wakili_Msomi_Ilemela
Kwa heshima yako mama, ila vijana mpige yowe la kuomba msaada, msiite "mwizi" ovyo. Wananchi wakija na hasira zao huna tena uwezo wa kuwazuia na wewe ndo uliyewaita. Halafu Kanuni ya Adhabu Sura ya 16 inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayostahili tu. Kiwiko kimoja ukachomoka, sawa. Jamaa yuko chini unaendelea kumshushia vipepsi, hapo unabadilika kuwa mtuhumiwa. Ukiumia pitia polisi uchukue PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ndo uende kutibiwa, labda hali iwe mbaya sana, itakusaidia mbele ya safari.

Fundi_Makoroboi
Sawa. Nilivyowasoma nimeona hivi, naanza ngumi hapa hapa jirani katikati ya wiki nizoee makonde, Jumamosi nipande daladala niende Nyegezi kwenye kushikana na viwiko. Karate samahani Obi_Nyeusi, nimerudi kumuuliza sensei, begi hamna.

Obi_Nyeusi_Kirumba
Basi hana haki ya kulalamika huyo.

Kushoto_Igogo
Mpango mzuri. Mwambie kocha mapema kwamba unachanganya, maana ukirusha kiwiko kwenye spari ya ngumi kwa mazoea utafukuzwa siku hiyo hiyo.

Mtu_wa_Nyegezi
Na huku ukija nunua kwanza gadi ya mdomo. Viwiko tunavigonga kwenye padi na begi kwa nguvu zote, ila kwenye spari ni kugusisha tu na padi za viwiko umevaa, kwenye Muay Thai ya ridhaa wanavaa pia. Mtu akikwambia mspari viwiko vitupu siku ya kwanza kataa, utarudi kwa Nesi.