Naomba ushauri: nimeanza dripu za saratani ya titi, nywele zinanyonyoka na bado nafundisha

Mwalimu wa Masasi (mwenye uzi)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi, nina miaka 41, nina mume na watoto. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya titi nimeanza dripu katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na nimepangiwa kurudi kila baada ya siku 21, kwanza kwa ile dawa nyekundu, kisha kwa dawa nyingine itakayofuata.

Nywele zangu zimeanza kunyonyoka. Niliambiwa mapema kwamba zitatoka, nami nikaitikia kwamba nimeelewa, lakini sasa kila nikipitisha kitana zinakuja kwa mafungu na ninaumia kuliko nilivyotegemea. Mama mkwe wangu aliyeko Newala, ambaye ananipenda na simlaumu, ameshasema kwamba mwanamke mzima akinyoa kipara watu watauliza amefiwa na nani, na jirani yake anatushauri tuache dripu tujaribu mizizi.

Naomba kujua kama ninyoe sasa au nisubiri, nifunike kichwa kwa namna gani katika joto hili, na nifanye nini kuhusu kichefuchefu na vidonda vya mdomoni vilivyonitokea wiki iliyofuata dripu. La mwisho ndilo linalonisumbua zaidi: najiuliza kama naweza kuiahirisha dripu ya pili hadi shule zifungwe, ili nywele zisije zikaisha nikiwa mbele ya darasa.

Bibi wa Mikindani

Marahaba mwanangu, pole sana, na Mungu akupe nafuu. Mimi nilimaliza dripu zangu miaka kadhaa iliyopita na leo nasuka mabutu kama zamani, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyepita hapo.

Dripu usiiahirishe kwa sababu ya nywele. Hata ukisubiri, nywele zilizokwisha kulegea zitatoka tu, kwa maana zinaitika dawa uliyokwisha kuipokea, na hutakuwa umeokoa chochote.

Kuhusu kunyoa, mimi nasema nyoa sasa, tena uchague siku mwenyewe na mtu wa kukunyoa mwenyewe. Kinachochosha moyo si kipara, bali ni zile siku za katikati ambapo unaziokota kwenye mto wa kulalia asubuhi, unazikuta kwenye sahani ya chakula, na ngozi ya kichwa inauma kila ukiigusa. Mimi alininyoa binti yangu uani, na tulikuwa tumewaambia wote wa nyumbani kabla, wakiwemo wajukuu, ili mtoto asije akashtuka. Tumia mashine, usitumie wembe, kwa sababu wakati huu kidonda kidogo hupona kwa taabu na vijidudu hupata njia ya kuingia. Mashine iwe ya nyumbani au isafishwe vizuri, na usiende kupanga foleni kwa kinyozi wa sokoni.

Kufunika kichwa kwetu huku ni jambo jepesi kuliko kwa wengi, maana ushungi na kilemba ni mavazi yetu ya kila siku. Chukua kanga ya pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi mpaka ikalainika, kwa kuwa kanga mpya ina wanga na inakwaruza. Mitandio ya kuteleza haishiki kwenye kichwa kisicho na nywele, itakuwa inarudi nyuma kila ukiinama kusahihisha madaftari, kwa hiyo vaa kwanza kikofia chepesi cha pamba ndipo ufunge juu yake. Kichwa kipake mafuta mepesi yasiyo na manukato. Mimi nilitumia mafuta ya nazi. Na usitoke juani bila kufunika, hata kwenda dukani, kwa sababu ngozi hiyo haijazoea jua na huungua upesi.

Nyusi na kope nazo zinaweza kupungua baadaye, mara nyingi nywele za kichwa zikiwa zimekwisha kutoka. Nakutajia ili usidhani kuwa ugonjwa umeongezeka. Wanja wa penseli unatosha kuchora nyusi, ila uwe wako peke yako, usichangie na mtu.

Binti wa Mtwara Mjini

Pole sana dada yangu. Namheshimu Bibi, lakini kuhusu kunyoa naomba kutofautiana naye kidogo. Mimi sikunyoa, nilizipunguza kwa mkasi zikabaki fupi, nikaziacha zimalizike zenyewe, kwa sababu sikuwa tayari kukiona kichwa changu chote kwa siku moja. Ukiwa na moyo wa namna hiyo, usijilazimishe. Wigi nilinunua nikiwa bado na nywele zangu ili lifanane nazo, na nikalivaa katika harusi na vikao tu, maana kwa joto la Mtwara mwezi wa kumi na moja huwezi kulivaa kutwa bila kichwa kuwasha. Darasani utachoka nalo.

Muuguzi, Lindi

Mwalimu, pole kwa maradhi na kwa safari ndefu. Nafanya kazi ya uuguzi, na nitakujibu kwa yale tunayowaambia wagonjwa wetu, ingawa neno la mwisho ni la daktari anayeshika faili lako.

Dawa hizi huzishambulia seli zinazogawanyika haraka, na saratani ni mojawapo. Lakini mwilini ziko seli nyingine zenye tabia hiyo ambazo hazina kosa: mashina ya nywele, utando wa mdomo na utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo sababu nywele, vidonda vya mdomo na upungufu wa damu vinakuja pamoja. Kwa dawa yako nyekundu, inayoitwa doksorubisini, nywele huanza kutoka kati ya wiki ya pili na ya tatu, na karibu kila anayeipata kwa kipimo cha kawaida hupoteza nywele zake. Kunyonyoka huko hakuonyeshi kama saratani inashindwa au inashinda. Katika baadhi ya nchi hutumika kofia za kupoza kichwa wakati wa dripu, nazo hupunguza upotevu kwa baadhi ya wagonjwa, lakini lazima zianze na dripu ya kwanza, kwa hiyo kwako wakati huo umepita.

Baada ya dripu ya mwisho, manyoya laini huanza kuota ndani ya wiki chache, na kwa walio wengi kichwa huwa kimefunikwa baada ya miezi miwili au mitatu. Huenda zikarudi na mawimbi au mvi ambazo hukuwa nazo. Ni wachache ambao kwao hazirudi kwa wingi wa mwanzo. Zikirudi, usizitie dawa ya kulainisha wala piko mpaka zimekomaa na ngozi imetulia. Ni vyema kusubiri kama miezi sita. Ukipangiwa mionzi ya kifua baadaye, hiyo haiondoi nywele za kichwani.

Sasa kuhusu kuahirisha. Zile siku 21 zimewekwa ili damu yako ipate muda wa kurudi, na saratani isipate muda wa kurudi nayo. Daktari mwenyewe anaweza kukusogeza mbele kwa wiki moja akiona chembe nyeupe za damu ziko chini, na hilo ni la usalama wako. Kusogeza mwenyewe hadi likizo ni jambo jingine kabisa, kwani ni kuipunguzia tiba nguvu kwa hiari. Tafadhali usifanye hivyo. Badala yake mpeleke mwalimu mkuu barua ya hospitali, uombe ratiba iangaliwe upya, hasa kwa siku za kuanzia ya 7 hadi ya 14 baada ya kila dripu. Hizo ndizo siku ambazo kwa kawaida chembe nyeupe hushuka sana, na darasa lenye watoto wanaokohoa, au mmoja mwenye surua au tetekuwanga, si mahali pa kukaa. Ukijua kwamba umekaa karibu na mtoto wa namna hiyo, wapigie simu kliniki siku hiyo hiyo.

Naomba jambo hili ulisome pamoja na mume wako. Huku kwetu kusini mtu akipata homa anafikiria malaria, anakwenda duka la dawa, anameza mseto na panado, analala. Wewe usifanye hivyo katika kipindi hiki chote cha dripu. Nunua kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, au ukitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakijapanda, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku wa manane, iwe Mkomaindo au Ndanda, popote palipo karibu nawe. Waambie kabla hujaketi kwamba uko kwenye dripu za saratani, uwaonyeshe kadi yako, na uombe wapime damu yote, chembe nyeupe zikiwemo, pamoja na malaria. Unaweza kuwa na malaria kweli, lakini ukiwa na maambukizi ya bakteria huku chembe nyeupe zimekwisha, saa chache zinaweza kuamua uhai, na dawa yake ni antibayotiki ya mshipa. Panado iliyomezwa mapema hushusha homa na kuificha hatari.

Kwa mdomo, sukutua mara nyingi kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo, tumia mswaki laini, na uache pilipili, ndimu na maembe mabichi mpaka vidonda vipone. Dawa ya kusukutua yenye spiriti iepuke, kwa kuwa inachoma na kukausha. Vidonge vya kichefuchefu vinywe kwa saa ulizoelekezwa hata kama hujisikii vibaya, kwa maana ni rahisi kukizuia kichefuchefu kuliko kukituliza kikishaanza. Vidonge hivyo huweza kufunga choo. Maji ya kutosha na papai lililoiva husaidia. Ukitapika hadi maji hayakai tumboni, usisubiri tarehe ya kliniki.

Mkulima wa Ruangwa

Poleni nyote. Mimi nilitaka kusema kwamba mizizi isidharauliwe, kwani wazee wetu wameponya watu wengi. Je, hawezi kutumia vyote viwili pamoja?

Muuguzi, Lindi

Ndugu yangu, sidharau, na swali lako ni la haki kwa sababu wengi wanafanya hivyo kimyakimya. Dawa za dripu nyingi huchakatwa na ini, nyingine hutolewa na figo. Mzizi ambao kipimo chake hakijulikani unaweza kuliumiza ini, au ukaibadilisha nguvu ya dawa, na daktari akadhani dripu ndiyo yenye kosa. Chai ya tangawizi ya kawaida haina tatizo kwa walio wengi. Mengine yote ayataje kliniki kabla ya kuyanywa, naye asione haya kuyataja.

Mume, Tandahimba

Mwalimu, pole, na mpe pole mwenzako. Mimi niliuguza mke wangu kwa maradhi haya haya, kwa hiyo nina maneno ya mume wako zaidi kuliko yako.

Kwanza ni nauli. Tarehe za dripu hazisubiri mnada wa korosho, na sisi tunaotegemea malipo ya msimu tunaweza kujikuta tarehe imefika na fedha bado haijaingia. Mara tulipopewa kalenda ya dripu zote, nilikaa na kaka zangu tukagawana safari kabla ya kuanza, na hilo lilituondolea aibu ya kukopa usiku wa kuamkia safari. Pili ni jikoni. Harufu ya samaki wa kukaanga, ambayo zamani aliipenda, ilimtapisha, kwa hiyo tulipika mbali na chumba chake, na chakula kikapoa kwanza. Alikula kidogo kidogo mara nyingi: uji wa ulezi wenye karanga, mtori, ndizi mbivu, mayai yaliyochemka hadi kukauka. Maji ya kunywa tuliyachemsha.

La tatu ni la kichwa. Aliponyoa nilimwambia kwamba anapendeza, naye akaniambia nisiseme hivyo kwa kuwa yeye anahuzunika. Nikaacha maneno nikakaa naye. Mwambie mume wako asikimbilie kukufariji. Akuulize unataka nini siku hiyo. Na kwa mama mkwe, aende mwanawe mwenyewe akamweleze ana kwa ana. Neno la kichwa kilichonyolewa likitoka kwa mwanawe litamwingia kuliko likitoka kwako.

Mwalimu wa Masasi (mwenye uzi)

Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Mume wangu amesoma uzi huu pamoja nami, amekwenda kununua kipimajoto, na Jumamosi atapanda kwenda Newala kuzungumza na mama. Nitanyoa, na atakayeninyoa ni mdogo wangu. Dripu ya pili nakwenda kwa tarehe yake.

Naomba kuuliza mawili yaliyobaki. Je, ni salama kupanda basi la kurudi Masasi siku inayofuata dripu? Na ile dawa ya pili, ambayo naambiwa ni paklitakseli, ina nini cha kujiandaa nacho? Isitoshe, huenda mfungo wa Ramadhani ukanikuta ndani yake.

Bibi wa Mikindani

Kwa basi, mwanangu, ukiwa na jamaa Dar es Salaam lala kwake usiku mmoja au miwili, maana njia ya kwetu ni ya kutwa nzima na siku za mwanzo ndizo za kutapika. Omba kiti cha mbele, kidonge cha kichefuchefu ukinywe kwa saa yake hata kama uko safarini, uwe na mifuko, maji na kitambaa cha kufunika pua. Mkojo ukitoka mwekundu siku ya kwanza au ya pili usiogope, ni rangi ya dawa ile ile. Kuhusu funga, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, nawe unahitaji maji mengi. Mwulize daktari wako, kisha mwulize sheikh wako, usijihukumu mwenyewe.

Muuguzi, Lindi

Nakubaliana na Bibi, ila mkojo ukiendelea kuwa mwekundu baada ya siku mbili, au ukiuma, wahi hospitali. Paklitakseli kwa kawaida haitapishi sana kama ile nyekundu, lakini nywele huendelea kukosekana mpaka imalizike, na mwili na viungo huweza kuuma kwa siku chache baada ya kila dripu. Wakati dripu yenyewe inaingia, ukihisi kifua kubana, uso kuwaka au mwili kuwasha, mwite muuguzi papo hapo.

Jambo linaloweza kukugusa zaidi wewe mwalimu ni ganzi ya vidole vya mikono na miguu. Ukiona chaki inakuponyoka, huwezi kufunga kifungo cha gauni, au kandambili zinavuka mguuni bila wewe kuhisi, mwambie daktari kabla hajakuwekea dripu inayofuata, kwa sababu kipimo kinaweza kupunguzwa au ratiba ikabadilishwa. Wagonjwa wengine hunyamaza wakiogopa kwamba tiba itasimamishwa, na ganzi iliyoachwa ikakomaa huweza kubaki muda mrefu baada ya dripu kwisha. Jikoni shika sufuria kwa kitambaa kinene hata kama huhisi moto, na uvae viatu vilivyofungwa unapokwenda shamba.