Mada: Agosti nakuja likizo Dodoma, naogopa

Ndugu zangu, habari za huko mliko.

Nimetoka zamu ya usiku, usingizi hauji. Mimi mtoto wa Mpwapwa, shahada ya uhasibu nimeichukua UDOM, sasa ni mwaka wa tatu nipo Leicester nahudumia wazee. Nyumbani, hata mama, wanajua nipo benki. Sikupanga kudanganya, shangazi aliuliza, nikaitikia, ikawa imeshatoka. Kila nikifikiria kushuka pale stesheni ya SGR, tumbo linanikata. Kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja sifungui tena: huyu kahamia Mtumba, yule kaezeka nyumba Nala. Kazini msimamizi ananiita mzito, na siku hizi naamini. Najiona si lolote. Mliopitia haya mlifanyaje?

---

Jibu: Agosti nakuja likizo Dodoma, naogopa

Mbukwa, mdogo wangu.

Nipo Kisasa, ila nilikaa Leeds miaka 11. Minne ya mwanzo nilisafisha ofisi usiku, nyumbani nikisema ni karani.

Kwanza hayo mawazo yatafutie msaada, na huko England huhitaji daktari akuandikie. Ukishasajiliwa kwa GP, yaani daktari wa mtaani kwako, unajiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies, huduma ya serikali ya kuzungumza na mshauri kuhusu msongo na huzuni, bure, na mkalimani ukimtaka unaomba. Watakupa fomu ya maswali 9. Swali la 6 ndilo lililoniliza: linauliza kama wiki mbili zilizopita umejiona umeshindwa, au umeiangusha familia yako. Miaka yote nilidhani aibu ile ni yangu peke yangu, mtoto wa Kigogo niliyekua nikiitwa ombaomba. Kumbe imeandikwa kwenye fomu, na Waingereza wenyewe wanaijaza.

Cheti chako kipeleke UK ENIC wakupe barua ya kukilinganisha na vya kwao. Inalipiwa na haikupi kazi, lakini mwajiri ataelewa shahada yako ni ya ngazi gani.

Halafu hili la uzito limenichoma. Kumlisha mzee uji, kijiko kimoja, unangoja ameze, unamfuta kidevu, ndipo unachota kingine, ukienda haraka unampalia. Mama alipopooza nilizunguka Dodoma hii nikitafuta mtu anayejua kumgeuza kitandani asipate vidonda. Nilimpata mmoja tu, na hadi leo kwetu akija anakaribishwa kama mkwe. Usikubali kazi hiyo uitwe aibu, hata na moyo wako mwenyewe.

Kuhusu mama yako, mwambie. Mimi wangu nilimwambia kwa simu, kabla hajaugua. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama maji ya kusafishia ni ya moto, maana huko kuna baridi. Hakuuliza kingine. Baada ya wiki chache msafiri akaniletea mlenda mkavu umefungwa kwenye khanga yake.

Nitumie siku ya treni, nitakuja kukupokea stesheni. Mpwapwa nitakusindikiza, na ukiongea na mama mimi nitakaa nje.

Dada yako, Kisasa