Babu yetu fundi wa majahazi, tuseme nini siku ya hitima?

mjukuu_matondoni:
Asalaam aleikum jamaa, babu alitangulia mbele za haki mwezi uliopita na sisi wajukuu tunataka kuandika maneno kidogo yasomwe siku ya arobaini hapa kijijini Matondoni, Lamu, sasa kila nikishika simu naandika "alikuwa mpole, alipenda familia" basi nimekwama, si kila babu huambiwa hivyo? Huyu alikuwa fundi wa majahazi, naanzia wapi?

bi_shela:
Pole nduyangu, Mungu amrehemu. Anza na mikono yake. Baba yangu mkubwa pia alikuwa fundi, akitia kalafati anasokota pamba yenye mafuta anaishindilia kati ya mbao taratiibu, sisi watoto pembeni, ukigusa patasi unachapwa, ila jioni halwa lazima.

mjukuu_matondoni:
Haha wewe! Wetu alikuwa ananuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka majahazi, mpaka Ijumaa na kanzu yake safi, bibi anamrudisha akaoge tena. Na chakula cha usiku hali mpaka ahesabu wajukuu wote, asiyekuwepo anatumiwa mtu amfuate, hata kama yuko mjini kwenye mpira.

kaka_mkunguni:
Si ndiyo hayo sasa, andika hivyo hivyo usibadilishe kitu. Lakini isiwe ndefu bwana, watu washasoma hitima na pilau inanukia. Halafu bibi asikie kwanza, hiyo ya kuoga pengine hataki isomwe mbele ya masharifu 😅